MWEKA AMANA ASIWE WA MWISHO KUJUA

Tarehe 4 Januari, 2018, Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki tano kwa siku moja. Tatu kati yake zilikuwa za mikoani: Benki ya Wananchi Meru katika Mkoa wa Arusha, Benki ya Wananchi Njombe, na Benki ya Wakulima Kagera. Mbili nyingine zilikuwa Covenant Bank for Women na Efatha Bank. Miezi minane kabla ya hapo, Mei 2017, Benki ya Wananchi Mbinga mkoani Ruvuma ilikuwa imekwisha kufungwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa fupi: mtaji wa benki hizo haukutosha, na muda waliopewa wenye benki kuuongeza ulikuwa umekwisha.

Inafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba Benki Kuu ilitimiza wajibu wake. Benki za wananchi zilikuwa zimetakiwa kufikisha mtaji wa shilingi bilioni 2, na tarehe ya mwisho ilikuwa 31 Desemba, 2017. Benki isiyo na mtaji haina kitu cha kuufidia mkopo unaopotea ila fedha za watu walioiamini. Kuiacha iendelee kupokea amana ni kuwaongeza watu katika hasara. Kwa hiyo jambo linalostahili kufikiriwa na kila mtumishi wa umma na kila mwalimu ni hili: kwa nini mwenye fedha alikuwa mtu wa mwisho kupata habari? Wakurugenzi walijua hali ya mtaji. Wakaguzi walijua. Benki Kuu ilijua. Mkulima aliyeweka fedha yake ya kahawa alijua siku alipokuta mlango umefungwa na tangazo limebandikwa.

Tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro, iko mbali na Arumeru. Anayetoka huko kwenda Arusha huteremka hadi Engaresero kando ya Ziwa Natron, akapita Engaruka na Mto wa Mbu kabla ya kuishika barabara kuu. Hata hivyo Ngorongoro, Karatu na Arumeru ni wilaya za mkoa mmoja, na benki iliyokufa Meru ni ya aina ileile ambayo watu wa sehemu kama Sale wamekuwa wakishauriwa kuianzisha: benki ndogo, ya wenyeji, yenye hisa za wakulima na wafanyakazi, inayokopesha watu inaowafahamu. Mkazi wa Digodigo au Samunge mwenye akiba ya mbuzi na asali, na mkulima wa vitunguu wa Mang'ola huko Karatu, wana haki ya kuuliza. Ikiwa ya Meru, iliyokuwa karibu na jiji na karibu na lami, haikudumu, ya kwao itadumu kwa nguvu gani?

IMANI ILIYORITHIWA

Jibu la swali hilo lazima lianze na historia. Tarehe 6 Februari, 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, benki za biashara zilifanywa mali ya umma, na Benki ya Taifa ya Biashara ikazaliwa. Kwa karibu robo karne iliyofuata mweka amana hakuwa na sababu ya kuuliza afya ya benki yake. Benki ilikuwa Serikali, na Serikali haifungi duka. Hasara zilikuwapo, tena kubwa, kwa kuwa mashirika ya umma na vyama vya ushirika vilikopeshwa bila kulipa. Lakini hasara hizo zilibebwa na taifa zima, hazikumwangukia mwenye kitabu cha akiba.

Hali hiyo ilibadilika kwa sheria. Tume ya Rais iliyoongozwa na marehemu Charles Nyirabu ilichunguza mfumo wa fedha, na mwaka 1991 sheria mpya ya mabenki ikafungua mlango kwa benki za watu binafsi. Sheria hiyo hiyo ilileta bima ya amana, kwa sababu waliotunga sheria walijua kwamba palipo na benki za watu binafsi patakuwapo na benki zitakazokufa. Mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa. Hata Benki ya Nyumba Tanzania, iliyokuwa ya umma, ilifungwa mwaka 1995.

Sheria ilibadilika, lakini imani ya mwananchi ilibaki ile ya zamani. Hadi leo yapo maelfu ya watu vijijini wanaoamini kwamba jengo lenye neno "benki" juu ya mlango wake, lililofunguliwa na kiongozi wa Serikali kwa ngoma na hotuba, ni jengo la Serikali. Hakuna aliyewafuata kuwaeleza kwamba hivi sasa wanakopesha. Maana kuweka amana ni kukopesha: mwananchi huikopesha benki fedha yake, benki huikopesha kwa mwingine, na yule wa kwanza hana habari wa pili ni nani.

CHINI YA WINGU MOJA

Benki kubwa hukopesha mfanyabiashara wa Kariakoo, mchimbaji wa Geita, mkulima wa Mbeya na mwajiriwa wa Serikali. Mmoja akianguka, wengine humbeba. Benki ya wilaya moja hukopesha watu wanaolima udongo mmoja na kungojea wingu moja. Mvua isipofika, wote hushindwa kulipa katika msimu mmoja, na katika msimu huo huo wote huja kutoa akiba zao ili wanunue chakula. Benki hubanwa pande mbili kwa wakati mmoja. Meneja mwaminifu kuliko wote hawezi kuizuia mvua isikose.

Pana na udhaifu mwingine ambao wenyeji huujua vizuri. Katika taasisi ndogo, mkopaji, mjumbe wa bodi na karani huweza kuwa watu wa ukoo mmoja au jumuiya moja. Kudaiana kunakuwa aibu, na mkopo ambao ungepaswa kufuatwa baada ya miezi mitatu huachwa mwaka mzima kwa sababu ya heshima. Ujirani, ambao ndio nguvu ya benki ndogo wakati wa kuanza, hugeuka kuwa mzigo wakati wa kudai.

Wapo wanaosema kwamba kwa sababu hizo mfugaji na arudi kwenye zizi lake, kwani ng'ombe ndiye benki yake. Hao wanasahau ukame wa mwaka 2009, ambao uliua mifugo kwa wingi mno katika wilaya za Ngorongoro, Monduli na Longido hata Serikali ikalazimika kuwapa mifugo ya kuanzia maisha wafugaji waliobaki mikono mitupu. Zizi nalo hufilisika, na halina bima ya aina yoyote. Wengine huchimbia fedha chini, au huingia katika michezo ya upatu inayoahidi kuvuna bila kulima, kama ile ya DECI iliyovunjika mwaka 2009 na kuwaachia majuto watu wengi, wakiwamo walimu na watumishi. Benki inayosimamiwa kwa sheria bado ni mahali bora pa kuweka akiba kuliko hapo pote. Kwa sababu hiyo hasa ndipo inapouma kuona imani ya watu katika benki inapotezwa bure.

HESABU YA CHAMA

Benki ikifungwa, Bodi ya Bima ya Amana huwa mfilisi. Kazi yake ya kwanza ni kuwalipa waweka amana hadi kiwango kilichowekwa, na kazi ya pili ni kukusanya madeni na kuuza mali ili waliobakiwa na salio juu ya kiwango hicho walipwe kwa kadiri kitakachopatikana. Mwaka 2018 kiwango cha juu kilikuwa shilingi milioni 1.5. Kwa mkulima mwenye akiba ndogo kiwango hicho kilitosha, naye aliweza kurudishiwa chake chote. Wale waliokuwa na zaidi ya hapo walipewa sehemu ya bima, kisha wakaambiwa wangojee ufilisi. Na ufilisi huenda kwa mwendo wa mahakama na wa wadaiwa.

Lakini vijijini mtu mara nyingi haweki peke yake. Huweka pamoja na wenzake, katika chama cha akiba na mikopo, chama cha mazao, au kamati ya maji. Bima ya amana humhesabu mweka amana, na chama cha ushirika mbele ya sheria ni mtu mmoja, hata kama nyuma yake wamo watu mia. Chukua mfano wa chama chenye wanachama 60, kila mmoja akiwa amechanga shilingi 100,000. Chama kinayo shilingi milioni 6 benki. Kwa kiwango cha mwaka 2018 kingepata milioni 1.5 tu kutoka katika bima, yaani shilingi 25,000 kwa kila mwanachama. Lau kila mmoja wao angeiweka laki yake kwa jina lake mwenyewe, wote wangelipwa bila kupungua hata senti. Hivyo wale waliotii wito wa kuungana waliadhibiwa kwa kuungana kwao.

Mwaka 2023 kiwango hicho kiliongezwa hadi shilingi milioni 7.5. Hiyo ni hatua kubwa na inastahili sifa. Chama cha mfano wetu sasa kingekingwa chote. Hata hivyo kanuni yenyewe haijabadilika, na chama kinachokua kitaivuka milioni 7.5 mapema kuliko mtu mmoja. Tena ni vizuri walimu wakumbuke kwamba bima hii hukinga amana zilizomo benki. Mwanachama wa chama cha akiba na mikopo, ambacho tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 kimewekwa katika daraja la tatu chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, hana kinga hiyo kwa akiba aliyoiweka chamani. Chama kikifilisika chenyewe, Bodi ya Bima ya Amana haitakuja.

Yapo na mambo mawili madogo yaliyoleta taabu kubwa. La kwanza ni umbali. Mwenye salio dogo anayeishi mbali na mjini hupima nauli na salio lake, akaiona nauli ndiyo nzito. Haishangazi kwamba miaka kadhaa baada ya benki hizo kufungwa, Bodi ilikuwa bado inatangaza kuwaita waweka amana ambao hawajafika kuchukua fedha zao. La pili ni dhana kwamba benki ikifa deni nalo hufa. Halifi. Mfilisi hurithi daftari la madeni, na kila anayekataa kulipa anamnyima jirani yake salio lililobaki.

WALIOTANGAZWA WAKAPONA

Hoja inayotolewa kila mara dhidi ya kuwaambia wananchi mapema ni kwamba habari mbaya huua benki. Husemwa kwamba watu wakisikia benki ni dhaifu, wote watakimbilia kutoa fedha kwa siku moja, na benki ambayo ingeweza kupona itakufa kwa hofu. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani kukimbiwa na wateja kumekwisha kuua benki nyingi duniani.

Lakini tangazo lile lile la Januari 2018 lina ushahidi wa upande wa pili. Pamoja na benki tano zilizofungwa, Benki Kuu ilizitaja hadharani benki tatu nyingine ambazo mtaji wake haukutosha, ikazipa miezi sita, hadi Juni 2018, zijirekebishe. Nazo zilikuwa Benki ya Ushirika Kilimanjaro, Benki ya Wanawake Tanzania, na Benki ya Wananchi Tandahimba. Majina yao yalisomwa nchi nzima. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoishia mikononi mwa mfilisi. Benki ya Wanawake iliunganishwa na Benki ya Posta mwaka huo huo wa 2018. Ile ya Kilimanjaro na ile ya Tandahimba ziliendelea kuishi, na baadaye zikawa msingi wa Benki ya Ushirika Tanzania, iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025.

Tofauti ya hatima ya zile tano na zile tatu haikutokana na habari peke yake. Mtaji, wanahisa na msaada wa benki kubwa vilikuwa na sehemu yao. Hata hivyo jambo moja limethibitika: benki inaweza kutajwa mbele ya umma kuwa mgonjwa, ikapewa muda unaojulikana, na ikaishi. Wateja wa benki hizo tatu walipata miezi sita ya kufikiri. Wateja wa Meru, Njombe na Kagera hawakupata hata siku moja.

Njia ya kuunganisha nayo imeonyesha kuwa ni bora kuliko ya kuzika. Benki M, iliyokuwa na wateja wakubwa wa mjini, ilipokwama mwaka 2018 Benki Kuu iliishika, na amana zake zikahamishiwa Azania Bank. Yetu Microfinance Bank ilipokwama mwishoni mwa mwaka 2022, mali na madeni yake yalihamishiwa NMB. Mweka amana alibadilishiwa jina la benki, akabaki na fedha yake. Ni haki kudai kwamba njia hii iwe ya kwanza kutafutwa kila inapougua benki ya wakulima, kama ilivyotafutwa kwa benki ya wenye biashara kubwa.

KARATASI UKUTANI

Sheria tayari inazitaka benki zichapishe hesabu zao kila baada ya miezi mitatu. Huchapishwa magazetini, aghalabu kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo na katika lugha ya wahasibu. Sheria imetimizwa, lakini mkulima hakuambiwa kitu. Kinachohitajika ni karatasi moja ya Kiswahili chepesi yenye majibu ya maswali manne: mtaji wa benki ni kiasi gani na unaotakiwa ni kiasi gani, katika kila shilingi 100 zilizokopeshwa, ngapi hazilipwi, fedha taslimu zilizopo zinatosha nini, na bima inamkinga mteja hadi wapi. Karatasi hiyo ibandikwe katika kila tawi, kwa kila wakala, na katika ofisi ya kijiji ambako mapato na matumizi ya kijiji nayo hubandikwa. Ikitolewa na benki zote kila robo mwaka, haitakuwa kengele ya hatari. Itakuwa desturi, na watu watazoea kuisoma kama wanavyosoma bei za mazao.

Karatasi peke yake haitoshi, na mfano wa jirani unaonya. Imperial Bank ya Kenya ilikuwa na hesabu zilizokaguliwa na kuchapishwa, lakini ilipowekwa chini ya mfilisi Oktoba 2015 iligundulika kwamba udanganyifu mkubwa ulikuwa umefichwa kwa miaka. Kwa hiyo ukaguzi lazima uwe wa kweli, na anayetia saini hesabu za uongo ajue kwamba atajibu mahakamani. Lakini udanganyifu wa wachache hauwezi kuwa sababu ya kuwanyima ukweli walio wengi.

Wabatemi wa Sale, ambao wengine huwaita Wasonjo, wamelima kwa mifereji tangu enzi za mababu. Maji hugawanywa chini ya baraza la wazee waitwao wenamiji, na kila mwenye shamba huijua zamu yake. Chemchemi ikipungua, upungufu huonekana kwa macho, na watu hubishana juu yake mapema, kabla mazao hayajakauka. Jamii yenye utaratibu wa namna hiyo haihitaji kufundishwa maana ya mali ya pamoja. Inahitaji tu kuonyeshwa maji yaliyomo katika mfereji wa fedha zake.

Hapa ndipo mwalimu na mtumishi wa umma wanapokuwa na kazi ambayo hakuna mwingine wa kuifanya. Katika vijiji vingi wao ndio wanaoweza kusoma hesabu, ndio makatibu na watunza hazina wa vyama, na ndio wanaoulizwa na wazee: tuweke wapi? Wasijibu kwa kutaja jengo zuri au jina la aliyelifungua. Waulize mtaji. Waulize bima. Chama chao kikivuka kiwango cha kinga, wagawe amana katika benki zaidi ya moja. Na maofisa wa halmashauri wanaowahimiza wananchi kununua hisa za benki mpya wawaeleze siku ile ile, kwa maneno yanayoeleweka, kwamba hisa si amana, na kwamba bima haiikingi.

Benki ya Wananchi Meru haitafufuka kwa kubandika karatasi ukutani. Lakini mahali pengine, pengine Karatu, pengine Sale, watu watakutana tena chini ya mti kuchanga mtaji wa benki yao. Hapana budi wakati huo wajue tangu siku ya kwanza kwamba watakuwa wakiisikia hali ya benki hiyo kila baada ya miezi mitatu, katika heri na katika shari, na kwamba mlango ukitaka kufungwa, wenye fedha hawatakuwa nje wakisoma tangazo.